Sentensi Aliyoiruka Mkalimani

Wapendwa, fungeni vitabu vyenu kidogo. Nataka nimlete mtu mmoja hapa mbele akae nasi muda mfupi, halafu tumwache aende zake. Tumwite Nsajigwa. Kama yumo Nsajigwa humu ndani, baba, usishtuke. Si wewe. Jina nimeliazima tu, nitalirudisha.

Huyu Nsajigwa alikuwa karani wa masjala katika hospitali moja ya serikali, huko nyanda za juu kwenye chai na viazi, ambako asubuhi ukifungua mdomo unatoa moshi. Kazi yake ilikuwa kutunza mafaili. Alikuwa na mkataba wa muda, ile mikataba ambayo ikikaribia kwisha mtu anaanza kumsalimia bosi wake mara mbili mbili. Mnaijua. Wengine mnayo.

Lakini alikuwa na kitu ambacho hospitali nzima hakuna mwingine aliyekuwa nacho. Alijua lugha ya alama. Mdogo wake wa kike alizaliwa kiziwi. Wakakua pamoja, wakagombana kwa mikono, wakachekeshana kwa mikono, wakamsengenya shangazi yao kwa mikono huku shangazi mwenyewe amekaa hapo hapo. Kwa hiyo akija mgonjwa kiziwi, utasikia daktari anapaza sauti koridoni, "Niitieni Nsajigwa!" Naye anaacha mafaili anakwenda. Hakulipwa kwa hilo na hakudai. Alipenda kuona uso wa mtu unavyofunguka pale anapogundua kwamba, hatimaye, yupo anayemwelewa.

Katika chumba cha kufulia cha hospitali hiyo alikuwepo mama mmoja, Subilaga. Huyu aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa mtoto, na homa ilipoondoka iliondoka na masikio yake. Alikuwa amefua mashuka ya wodi zile kwa miaka mingi kuliko mtu yeyote pale. Kusoma alisoma kidogo; Kiswahili alikisoma kwa kujikokota, Kiingereza hapana. Kila karatasi aliyopewa kazini aliipeleka masjala, akaiweka mezani kwa Nsajigwa, akasimama na kusubiri. Na jina alilomtungia Nsajigwa kwa alama lilikuwa hili: anagusa sikio lake mwenyewe, kisha anamnyooshea yeye kidole. Sikio langu. Ndivyo alivyomwita.

Sasa msimamizi wa chumba cha kufulia akastaafu. Nafasi ikatangazwa kwa wafanyakazi waliopo, Subilaga akaomba, na kila mtu akajua ni yake. Ikachukuliwa na binti ambaye Subilaga mwenyewe ndiye aliyemfundisha kukunja mashuka. Akauliza sababu. Akajibiwa kwamba msimamizi anatakiwa kupokea simu za wodini, na yeye hasikii.

Ndugu zangu, simu ya chumba kile ilikuwa mbovu tangu Nsajigwa hajaajiriwa. Wodi zilikuwa zinamtuma mtu na toroli.

Nsajigwa aliwaka. Ndiye aliyemwambia, "Mama, huu ni ubaguzi, na serikali hairuhusu. Lalamika." Ndiye aliyekaa naye akamwandikia malalamiko, akayachapa, akayasoma tena kwa mikono ili mama ahakikishe kila neno ni lake. Malalamiko yakaenda kwenye kamati. Wakasubiri. Nayo kamati, kama mnavyozijua kamati, ikakaa, ikaahirisha, ikakaa tena.

Siku moja katibu wa hospitali, ambaye ndiye bosi wa watumishi wote pale, akamwita Nsajigwa ofisini peke yake.

"Uamuzi wa yule mama umekuja," akasema. "Tunamwita sasa hivi. Utamtafsiria."

"Sawa, bosi."

"Barua ni ndefu na imejaa Kiingereza. Wewe mwambie malalamiko yamekataliwa, basi. Hapa mwisho kuna habari za rufaa, sijui tume, sijui kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Hayo usimchoshe nayo. Atahangaika bure, na sisi tutahangaika naye."

Nsajigwa akaitazama ile barua mezani.

Katibu akapanga karatasi zake vizuri mezani. "Halafu mkataba wako si ndiyo unaelekea kwisha? Nikumbushe tuuangalie."

Ni hayo tu. Hakupiga meza, hakumtishia. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayeulizia hali ya watoto. Na mimi nawauliza: ni lini shetani aliwahi kutujia na pembe? Si huwa anakuja na mkataba mkononi, anatuambia tumkumbushe?

Subilaga akaingia na kitambaa chake cha kazi kichwani, mikono bado ina unyevu. Akakaa. Nsajigwa akakaa mbele yake ili amwone vizuri. Katibu akaanza kusoma kwa sauti, barua nzima, neno kwa neno, ili isije ikasemwa kwamba haikusomwa. Nsajigwa akatafsiri. Kamati imesikiliza. Kamati imepima. Kamati haikuona ubaguzi. Malalamiko yamekataliwa. Subilaga akawa anatikisa kichwa taratibu, macho hayaachi mikono ile.

Kisha katibu akafika aya ya mwisho. Akaisoma nayo. Akasoma kwamba mlalamikaji asiporidhika anayo haki ya kukata rufaa kwa tume, na tarehe ambayo baada ya hapo rufaa haitapokelewa. Alikuwa anaisoma huku anamwangalia Nsajigwa.

Na mikono ya Nsajigwa ikalala mapajani.

Subilaga akaangalia mikono. Akaangalia midomo ya katibu, inacheza bado. Akarudi kwenye mikono. Akauliza, "Bado anasema. Anasema nini? Imeisha?"

Nsajigwa akapangusa viganja vyake, hiki juu ya kile, kama mtu anayekung'uta unga. Imeisha.

Sentensi moja tu, wapendwa. Hakuongeza neno la uongo katika yale mengine yote. Aliruka sentensi moja.

Mama akatia saini kwamba amepokea barua, akaikunja akaiweka ndani ya nguo, kifuani. Hakumwonyesha mtu mwingine. Amwonyeshe wa nini? Si alikwishaelezwa na mtu wake? Pale mlangoni akamshika Nsajigwa mkono, akamwambia, "Tumeshindwa, lakini asante kwa kuwa ulikuwepo."

Hapo ndipo aibu ilipoingia kwa Nsajigwa, na haikuja kama ngurumo. Ilikuja kama maji yanavyoingia kwenye kiatu. Unatembea tu nayo. Subilaga akawa anampungia mkono akipita, na yeye anajifanya anatafuta faili. Wiki iliyofuata mama akaja masjala, akaona shati la Nsajigwa lina doa la wino mfukoni, akamlazimisha alivue abaki na koti. Kesho yake akalirudisha limefuliwa, limepigwa pasi, kola imenyooka kama ya bwana harusi. Nsajigwa akalibeba nyumbani. Mke wake akalisifia. Yeye akalitundika na hakulivaa.

Kila asubuhi alikuwa anajiambia, leo nitamwambia. Muda bado upo. Nitamwambia nilikosea kutafsiri, nilichanganyikiwa, barua ilikuwa ndefu. Alikuwa na maneno tayari. Kisha anamwona katibu koridoni, katibu anamwitikia salamu vizuri, na ile leo inageuka kesho.

Ikafika ile siku ya mwisho ya kupokea rufaa. Nsajigwa hakuhitaji kalenda kuijua. Baada ya chai ya saa nne akaondoka mezani, akaenda mpaka chumba cha kufulia. Safari hii aliamua. Alimkuta Subilaga peke yake anakunja mashuka. Kabla hajainua mkono kusema lolote, mama akamtupia ncha ya shuka. Mnajua shuka kubwa linavyokunjwa: huyu huku, huyu kule, mnavuta, mnakunja, mnasogeleana mpaka vidole vinakutana. Mikono minne, yote imeshika shuka. Na kwa watu wanaozungumza kwa mikono, maana yake hakuna anayeweza kusema neno.

Wakakunja moja. Wakakunja jingine. Nsajigwa akajikuta anafurahi kwamba yapo mengi.

Yalipokwisha, Subilaga akamtazama usoni. "Unaumwa?"

"Nimechoka tu," akajibu.

"Nenda kapumzike."

Akaenda. Alikuwa na mikono miwili mitupu, na mtu mbele yake anayeitazama, akaenda kupumzika.

Kesho yake, nisikilizeni hapa, kesho yake aliamka na nafuu. Ndiyo, nafuu! Moyo ukamwambia: basi, hata ukisema sasa haitasaidia, tarehe imepita, unamuumiza mama wa watu bure kwa kitu kisichotengenezeka. Nani kati yetu hajawahi kunywa dawa hiyo? Tunachelewesha ukweli mpaka usiwe na faida, halafu tunauita ukimya wetu huruma.

Mkataba ukaongezwa. Katibu akamkumbuka bila hata kukumbushwa.

Ikapita miezi kadhaa. Chama cha wafanyakazi kikamtuma afisa wake, dada mmoja mchangamfu, mwenye kutembea haraka, azungukie hospitali kusikiliza matatizo. Akasikia habari ya mama kiziwi aliyenyimwa nafasi kwa sababu ya simu mbovu. Akataka kumwona. Na nani ataitwa kutafsiri? Koridoni sauti ikapazwa: "Niitieni Nsajigwa!"

Wakakaa watatu kwenye benchi la chumba cha kufulia, Nsajigwa katikati. Subilaga akatoa ile barua. Yule dada akaisoma, na alipofika mwisho akainua uso.

"Mbona hakukata rufaa?" akauliza. "Kwa simu mbovu? Uamuzi huu tume ingeupindua. Muulize, kaka, kwa nini aliacha muda ukapita?"

Fikirini mtu huyu alipokaa. Kulia kwake yuko anayesikia na hajui alama. Kushoto kwake yuko anayejua alama na hasikii. Angeweza kumwambia huyu chochote na yule chochote, na kati yao hakuna ambaye angejua. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi pande zote mbili.

Akamgeukia Subilaga. Mikono ilikuwa mizito. Akamwambia, "Anauliza kwa nini hukupeleka neno lako kwa wakubwa zaidi, waliangalie upya. Barua ilisema unaruhusiwa. Ilisema na siku ya mwisho. Siku hiyo imepita."

Subilaga akamtazama Nsajigwa, akamtazama, na Nsajigwa akaona anakumbuka. Akaona ile midomo ya katibu ikicheza tena machoni mwa mama, na mikono iliyolala mapajani. Hakuna alichohitaji kuelezwa. Uso ukamlegea kama wa mtu aliyeambiwa kuna msiba.

Kisha akainua mikono yake, akasema polepole, "Mwambie nilisahau."

"Nini?"

"Una watoto. Mwambie nilijua, nikasahau."

"Anasemaje?" akauliza yule dada.

Na Nsajigwa, Mungu amrehemu, akafungua mdomo akasema, "Anasema alisahau."

Yule dada akashusha pumzi. "Jamani, mama!" Akatikisa kichwa, akasimama, akaanza kukusanya vitu vyake. "Kama ni uzembe wake mwenyewe basi hatuna cha kufanya. Mwambie siku nyingine awe makini na mambo yake."

Subilaga hakusikia. Lakini kichwa kinachotikiswa kinaonekana. Akatambua kwamba anakaripiwa, akainamisha uso na kutabasamu kidogo, lile tabasamu la mtoto wa shule aliyekutwa hajaandika. Alikuwa mtu mzima, mwenye wajukuu, na alikuwa anaona haya ya kosa la mtu mwingine mbele ya mgeni.

Nsajigwa aliliona tabasamu lile. Alikuwa ameweza kustahimili mambo yote: shati, mashuka, mkataba. Lile hakuliweza.

"Hapana," akasema. Na akasema kwa mdomo na kwa mikono kwa wakati mmoja, ili wote wawili wapate neno lile lile. "Hakusahau. Anasema uongo kwa ajili yangu. Barua ilisomwa mbele yake, mimi ndiye mkalimani, na pale pa rufaa sikumtafsiria. Aliniuliza kama imeisha nikamwambia imeisha. Niliogopa mkataba wangu."

Yule dada akaketi tena.

Mambo yakaenda hivi. Kulikuwa na njia ya kuomba kuongezewa muda, lakini tume inataka sababu ya kuchelewa, na sababu iapiwe na anayeijua. Nsajigwa akaapa. Akaandika yote, na maneno ya katibu akayaandika, akatia saini jina lake kamili. Mkataba wake ulipokwisha hakuna aliyekumbushwa kitu. Akapata kazi ya kupima majani ya chai kwenye kituo cha wakulima, na mke wake alimfuata kimya kimya kwenye nyumba ndogo zaidi bila kumlaumu, jambo ambalo nalo lilimuuma.

Tume ikakubali kuipokea rufaa ile iliyochelewa. Siku ya kusikilizwa Nsajigwa aliomba ruhusa, akapanda basi alfajiri, akafika wa kwanza. Alikuwa ameyarudia maneno yote ya shauri njia nzima, vidole vinatembea mapajani, abiria wa pembeni anamshangaa. Safari hii hataruka hata koma.

Subilaga akaja. Lakini hakuja peke yake. Alikuja na mwanamke ambaye Nsajigwa hakuwahi kumwona, mwalimu kutoka shule ya viziwi, na walikuwa wanaongea kwa mikono njiani na kucheka. Nsajigwa akasimama, akaelekea kwenye kiti kile cha mbele, kiti cha mkalimani, kiti chake. Subilaga akamgusa mkono, akamsimamisha.

Akamwambia, "Mwanangu, nimekusamehe. Nilikusamehe palepale kwenye benchi, na unajua." Akamtazama kwa upendo, wapendwa, sisemi kwa ukali, kwa upendo. Kisha akamwambia, "Lakini leo kaa nyuma."

Akakaa nyuma. Akaiona mikono ya mtu mwingine ikifikisha kila sentensi, mpaka ya mwisho, mpaka ile ya kusema tume inaahirisha mpaka tarehe fulani. Na uamuzi ulipotoka, Subilaga alishinda. Akapewa usimamizi kwa miaka michache iliyokuwa imebaki kabla hajastaafu. Wakikutana sokoni na Nsajigwa, anamsalimia vizuri, anaulizia watoto, anampa ndizi za kupeleka nyumbani. Lakini karatasi zake anampelekea yule mwalimu.

Basi. Nsajigwa tumwache aende zake.

Sisi tumebaki. Na najua tulipopapenda. Tulipenda pale mama aliposema amesamehe. Wengine mlianza kusema amina, nimewasikia. Lakini ile "kaa nyuma" hakuna aliyeiitikia.

Tumezoea kuhubiriwa kwamba mlango wa rehema haufungwi, na ni kweli, kwa Mungu haufungwi. Lakini mwenzako ana milango mingine ambayo inafungwa. Ana siku ya mwisho ya rufaa. Ana siku ya mwisho ya uzazi, ya masomo, ya kumwona baba yake akiwa hai. Na ufunguo wa mlango huo wakati mwingine umeukalia wewe, na unaimba. Utatubu, utasamehewa, na yule uliyemnyamazia hatarudishiwa muda wake. Mungu ataufuta uongo wako. Miaka ya mama yule, ile ambayo angekuwa msimamizi na hakuwa, iko wapi?

Kwa hiyo nauliza, na nauliza taratibu ili kila mtu apate lake. Shemeji yako mjane, ulimwambia tarehe ya baraza la ardhi, au ulisema utampigia? Yule kijana uliyeona jina lake kwenye ubao wa ofisi, ameitwa kwenye usaili, na yuko kijijini hana habari, na mwanao naye ameomba nafasi hiyo hiyo, ulimtumia ujumbe? Mama, yale aliyosema marehemu kitandani kuhusu mtoto wa nje, uliyafikisha? Tunajiita mashahidi. Shahidi anayechagua sentensi za kusema ni shahidi wa nani?

Na tusijifariji kwamba hatukudanganya. Nsajigwa hakudanganya mpaka alipoulizwa. Alinyamaza kwanza, uongo ulikuja baadaye kukilinda kimya chake.

Ninajua aibu iko humu ndani saa hii. Naiona kwenye vichwa vilivyoinama. Sitaiondoa, wala sitawaombea iondoke. Iacheni iwatume.

Kwaya imeshasimama, na sadaka bado hatujatoa. Yeyote ambaye kuna mtu anasubiri neno kutoka kwake, na siku za mtu huyo zinakwenda, asisubiri wimbo, asisubiri baraka. Atoke sasa. Tutamsogezea magoti apite. Sisi tutakaobaki tutaimba polepole, na hakuna atakayegeuka kuangalia ni nani.